Kilichokatwa na Mkubwa

Jamhuri ya Tutaona haimo katika ramani yoyote, kwa hiyo msomaji atakayedhani amewahi kuishi humo na ajilaumu mwenyewe kwa kuwa na mawazo mabaya. Ni nchi nzuri. Ina mikoa kumi na tisa, milima miwili, mto mmoja ambao kila mkoa hudai ni wake wakati wa ukame na ni wa jirani wakati wa mafuriko, na serikali inayowapenda wananchi wake kiasi cha kuwaita ofisini kila wiki ili iwaone tu.

Humo aliishi mama mmoja kijana, Mwajabu, mshonaji wa mbeleko. Alizishona kwa kitambaa kizito cha maua au cha mistari, akazitia mikanda miwili na kifuko cha nepi, kisha akajipiga picha akiwa amembeba binti yake Tunu ndani ya mojawapo, akaiweka mtandaoni. Wanawake wa mikoa yote kumi na tisa walizipenda. Mumewe alikuwa dereva wa malori ya masafa, mtu mwema aliyeonekana nyumbani kama mwezi mwandamo: kwa kutafutwa, na kwa muda mfupi. Kwa hiyo pango la chumba, maziwa ya Tunu na dawa za mkwewe, Bi Mgeni, vyote vilining'inia kwenye mikanda ya mbeleko, nazo mbeleko zilining'inia kwenye namba moja tu ya simu ya duka lake. Namba hiyo ikifungwa, hakuna kitakachobaki hewani.

Mwajabu alikuwa pia na maradhi ambayo madaktari wa Tutaona hawajayapatia jina. Alitaka kulipa kodi ya mauzo. Mwalimu wa darasa la jioni, alikosomea baada ya kuzaa, alimwambia kwamba barabara hujengwa kwa kodi, naye akaamini, maana barabara zenyewe alikuwa bado hajaziona.

Shida ilikuwa moja. Sheria ilisema kodi ya kitu kilichouzwa kwa simu ni ya mkoa wa mnunuzi, na kila mkoa ulikuwa na akili zake. Mkoa wa Nyanda uliita mbeleko nguo. Mkoa wa Kilele uliiita samani, kwa hoja kwamba mtu huketi ndani yake. Mkoa wa Ziwani ulisema ni chombo cha usafiri wa abiria asiyelipa nauli, ukataka kibao cha namba mbele na nyuma. Mkoa wa Mpakani, uliokuwa na mkuu mwoga, uliiandika kuwa kamba ya kufungia watu. Kulikuwa na fomu kumi na tisa za rangi kumi na tisa. Mkoa mmoja ulipokea fomu Jumatatu peke yake, mwingine siku yoyote isipokuwa Jumatatu, na wa tatu ulipokea kila karani mwenye ufunguo wa kabati anapopona.

Basi iliposikika kwamba Bunge limepitisha Sheria ya Kurahisisha Kodi kwa Wauzaji wa Mbali, Mwajabu alimnyanyua Tunu akazunguka naye cherehani mara tatu.

"Mama, sasa fomu ni moja," alimwambia Bi Mgeni. "Jina la bidhaa ni moja nchi nzima. Unajaza ukiwa umekaa nyumbani kwako."

Bi Mgeni alikuwa ameishi chini ya serikali nne na bado alikuwa akizichanganya majina.

"Mwanangu," alisema, "serikali ikikuambia ukae, tazama kwanza nyuma yako kama kuna kiti."

*

Msomaji mgeni lazima aelezwe desturi ya Tutaona, maana bila hiyo hataelewa kwa nini wasomi kadhaa walipoteza akili mwaka ule.

Katika nchi hiyo hakuna kitu cha serikali kinachohesabika kuwa kipo mpaka kizinduliwe kwa kukata utepe. Shule isiyozinduliwa haifundishi. Daraja lisilozinduliwa watu hupita chini yake, wameshika viatu mkononi. Na kinachokatwa siku ya uzinduzi hakiungwi tena, daima. Huo ndio msingi wa dola. Wahenga wao walisema kilichokatwa na mkubwa hakiungwi na mdogo, na sheria ikaja ikaongeza adhabu. Fundi mmoja wa nguo aliwahi kuokota vipande vya utepe wa daraja, akaviunga, akamtilia mwanawe kwenye gauni la sikukuu. Alishitakiwa kwa kosa la kurudisha nyuma maendeleo.

Sasa mfumo wa kodi ulikuwa kitu cha mtandaoni. Hauna mlango, hauna lango, hauna nguzo mbili za kufungia utepe. Kamati ya Itifaki ilikaa wiki tatu, ikala posho za wiki tano, ikatoa uamuzi: utepe uviringishwe kwenye ule waya mnene unaotoka kwenye mtambo na kuingia ukutani, kwa kuwa hapo ndipo mfumo unapowaendea wananchi.

Siku ikafika. Waziri wa Urahisishaji, Mheshimiwa Dakta Malindima, alisimama mbele ya mtambo amevaa suti ya rangi ya utepe.

"Ndugu wananchi," alisema, "kurahisisha si jambo rahisi. Lingekuwa rahisi tusingeunda wizara. Wapo wanaouliza, muuzaji wa mbali ni nani? Muuzaji wa mbali ni yeyote anayemuuzia mtu asiyemwona. Huyo tumemwonea huruma. Leo serikali yenu inamkaribia kwa kumwacha huko huko aliko."

Mkasi uliletwa juu ya mto wa hariri. Ulikuwa mpya, wa chuma kigumu kilichopakwa dhahabu, na mkono wa Mheshimiwa ulikuwa na uzoefu wa miaka kumi na mitatu. Ulipita kwenye utepe, ukaendelea.

Kulisikika sauti ndogo, *kwap*. Taa za kijani zilizokuwa zikikonyeza kwenye mtambo zote zikazimika.

"Mnaona," akasema Mheshimiwa, "umetulia."

Wakapiga makofi. Mwajabu, aliyekuwa akitazama kwenye simu, aliishika mikono ya Tunu akaipigisha makofi pia. Alichokiona yeye ni utepe tu.

*

Siku hiyo hiyo alijaza fomu, iliyokuwa imesambazwa kwenye simu zote kabla ya uzinduzi. Jina, namba ya duka, bidhaa. Kwenye bidhaa kulikuwa na orodha moja ya taifa zima, na mbeleko ilikuwamo, imeitwa mbeleko, si samani wala kamba. Machozi yalimlengalenga. Akabonyeza pa kutumia. Duara dogo likaanza kuzunguka, na chini yake maneno: *Tafadhali subiri, unarahisishiwa.*

Akasubiri. Kesho yake duara lilikuwa bado linazunguka, na keshokutwa. Aliiegemeza simu kwenye cherehani, akawa anashona huku akilitupia jicho. Siku ya tano alizima simu akaiwasha upya. Siku ya saba aliihamishia dirishani. Siku ya tisa alianza kulijibu, kama mtu anavyomjibu mgeni asiyeaga.

Siku ya kumi na moja, Jumatatu, redio ikatangaza. Muuzaji yeyote wa mbali ambaye hatakuwa amesajiliwa ifikapo Ijumaa saa sita mchana, namba ya duka lake itafungwa daima. Mtangazaji aliongeza kwamba muda uliotolewa unatosha sana, kwa kuwa usajili huchukua dakika mbili.

"Daima ni siku ngapi?" aliuliza Bi Mgeni.

"Ni zote, mama."

"Basi nenda kawaone."

"Mfumo umewekwa ili tusiende."

"Ndiyo maana nakwambia nenda."

*

Jumba la Urahisishaji lilikuwa na ghorofa tisa na lifti ya vioo iliyong'aa, ambayo watu waliipita wakiisalimu kwa macho, kwa sababu ilikuwa haijazinduliwa. Ngazi ndizo zilizofanya kazi. Kutoka chini mpaka ghorofa ya sita, kila kidato kilikuwa na mtu amekaa: wauza viatu, wauza mafuta ya nywele, wauza vitabu, kila mmoja na simu yake mkononi, kila simu na duara lake. Walikuwa wapata mia mbili.

"Hii foleni ni ya nini?" Mwajabu alimuuliza mama ntilie mmoja aliyekuwa amekalia ndoo.

"Si foleni, mwanangu. Kwa takwimu hatupo."

"Na wewe, shangazi, unauza mtandaoni?"

"Mimi nauza wali maharage. Napikia kuni mbichi. Karani alikuja kibandani akasema moshi ni mzito, siwaoni wateja wangu, kwa hiyo nawauzia nikiwa mbali." Alihema. "Nikamwambia nawasikia wakitafuna. Akasema sheria haina masikio."

Ghorofa ya sita palikuwa na ofisi ya Bwana Shabaha, Mkurugenzi wa Kupunguza Ujio wa Wananchi, mtu mwembamba mwenye kalamu nne mfukoni na sauti ya mtu anayembembeleza mgonjwa. Mezani pake kulikuwa na daftari kubwa la wageni, jeupe kabisa.

"Shikamoo, bwana. Nimekuja kuhusu usajili."

"Marahaba. Hujaja."

"Nimekuja, bwana. Nimepanda ngazi na mtoto."

"Mama, mfumo umewekwa ili usije. Tangu uzinduzi hakuna mwananchi hata mmoja aliyefika hapa. Tazama daftari. Mheshimiwa Waziri amelionyesha bungeni, ukurasa mweupe, wabunge wakasimama." Alilifunga kwa mapenzi. "Sasa nikikuhudumia wewe, nitakuwa nimemhudumia nani?"

"Mwajabu."

"Siandiki jina. Rudi nyumbani, ujaze fomu."

"Nimeijaza. Siku ya kumi na moja leo. Inazunguka."

"Inazunguka, maana yake inafanya kazi. Kitu kilichokufa hakizunguki."

Tunu alianza kulia. Mwajabu alitoka, akatafuta pembe yenye kivuli ukumbini, akakaa amnyonyeshe. Hapo akaona kwamba ameketi karibu na kasha la kioo, refu kama jeneza la mtoto, limejengewa ukutani. Ndani yake mlikuwa na waya mnene mweusi uliokatwa. Ncha zake mbili zilitazamana kwa umbali wa kidole, kama mtu na jirani yake wasiosemeshana, kila moja na kipande chake cha utepe shingoni. Juu yake kulikuwa na kibao cha shaba: *Waya huu ulizinduliwa na Mheshimiwa Dakta Malindima.*

Kando ya kasha, kwenye kigoda, alikaa fundi na mkoba wa zana magotini. Jina lake lilikuwa kifuani, Njiku.

"Kaka," Mwajabu alisema polepole, "huu si ndio waya wenyewe wa mfumo?"

"Ndio huo huo, dada."

"Umekatwa."

"Umezinduliwa," Njiku alimsahihisha, akatazama huku na huku. "Lakini ndiyo, umekatwa."

"Na huwezi kuuunga?"

"Nusu saa. Nikipewa nusu saa na utepe wa gundi, nchi nzima inasajiliwa."

"Sasa kwa nini huungi?"

"Nina watoto wanne."

"Na hapa unafanya nini?"

"Nalinda usiungwe. Nilipandishwa cheo."

Mwajabu alimhamishia Tunu ziwa la pili. Alifikiri kidogo, kama alivyofundishwa darasani, kutoka mwanzo wa jambo mpaka mwisho wake.

"Mheshimiwa anajua?"

"Mheshimiwa ndiye pekee asiyejua. Sisi wengine wote tunajua kwa niaba yake."

"Si aambiwe na mkubwa mwenzake? Rais, kwa mfano, si ni mkubwa kuliko waziri? Yeye anaweza kuunga."

"Rais haungi, dada," alisema Njiku kwa huzuni. "Rais naye hukata."

*

Alikuwa ameshafika ghorofa ya pili akishuka, aliposikia viatu vikimfuata mbio. Alikuwa Bwana Shabaha, akihema, akiruka magoti ya watu wasiokuwapo.

"Mama. Ngoja, mama. Nimekuona."

"Umeniona sasa?"

"Nimekuona ukinyonyesha. Ni picha nzuri sana." Alimvuta kando. "Alhamisi kuna Sherehe ya Mafanikio ya Wiki Mbili. Mheshimiwa anataka mwananchi asimame jukwaani aseme amesajiliwa. Mmoja tu. Mama kijana, mtoto mgongoni, mbeleko aliyoishona mwenyewe. Nikimleta mzee wa viatu haitapendeza."

"Kwani hadi leo mmeshasajili wangapi?"

"Ukikubali," alisema Bwana Shabaha, "mmoja."

Alimweleza vizuri, kwa ile sauti yake ya wodini. Atapewa Cheti Namba Moja, kilichoandikwa na karani ambaye mwandiko wake haukuwa na tofauti na wa mashine. Duka lake halitaguswa daima. Atakachofanya ni kusoma karatasi moja, mistari sita.

"Na hawa waliokaa ngazini?"

"Hao ndio uzuri wenyewe wa sheria. Akishapatikana mmoja aliyesajiliwa, imethibitika kwamba mfumo unafanya kazi. Mfumo ukiwa unafanya kazi, waliobaki ni wakaidi. Mkaidi anafungiwa Ijumaa. Unaona ilivyo nyepesi?"

Mama ntilie aliyekalia ndoo alikuwa hatua tatu tu juu yao. Alikuwa amelala, mdomo wazi, simu kifuani.

Mwajabu aliichukua karatasi. Hakusema ndiyo wala hapana, na katika Tutaona hiyo ni ndiyo iliyovaa buibui.

Nyumbani alimsomea Bi Mgeni, ambaye hakujua kusoma lakini alijua kusikiliza.

"'Mimi ni mama wa kawaida. Nilijisajili nikiwa nyumbani kwangu, kwa dakika mbili, huku nikimnyonyesha mwanangu...'"

"Ulikuwa unamnyonyesha kweli?"

"Nilikuwa namnyonyesha."

"Basi mna kweli moja humo. Nimesikia hotuba za uhuru zisizo na hata hiyo."

"Mama, usinichekeshe. Nisiposema wananifungia. Nikisema, wanafungiwa wale wote. Na yule mama wa moshi."

Bi Mgeni alikunja na kukunjua ncha ya khanga yake.

"Dawa zangu zitoe kwenye hesabu," alisema mwisho. "Nimeugua chini ya serikali nne, hakuna iliyoniponya. Usije ukasema niliongopa kwa ajili ya mama mkwe."

"Na maziwa ya Tunu?"

"Hayo," alisema bibi, akamtazama mjukuu wake aliyekuwa akitambaa kuelekea kwenye mkasi wa kushonea, "hayo ndiyo sina neno. Wewe ndiye mama yake." Akausogeza mkasi mbali.

*

Alhamisi uwanja ulijaa. Wale mia mbili wa ngazini waliletwa kwa malori, kwa kuwa sherehe ilikuwa na viti vingi kuliko wageni, na waliwekwa nyuma kabisa, penye jua. Mbele walikaa wakubwa, wamepangwa kwa unene wao. Kando ya jukwaa alisimama Mwongoza Makofi, mtumishi wa ngazi ya juu mwenye leso nyeupe. Leso ikipanda watu hupiga makofi, ikishuka huacha. Hupandishwa kila msemaji anaponyamaza, asije akajisikia mpweke.

Mheshimiwa Malindima alisema kwa saa moja na robo. Alisema kwamba katika wiki mbili hakuna lalamiko hata moja lililopokewa kwa njia ya mfumo. Hilo lilikuwa kweli tupu, na lilipigiwa makofi marefu.

Kisha Mwajabu akapandishwa. Tunu alikuwa mgongoni, katika mbeleko ya maua. Bwana Shabaha alikuwa chini ya jukwaa, Cheti Namba Moja kikiwa ndani ya bahasha kwapani mwake, akiitikia kwa kichwa kama mwalimu anayemsikiliza mwanafunzi wake mzuri.

Mwajabu aliikunjua karatasi. Alitazama nyuma kule kwenye jua, akamwona mama ntilie, amejifunika uso kwa mfuniko wa ndoo. Aliirudisha karatasi kwenye kifuko cha nepi.

"Mimi sijasajiliwa," alisema.

Akanyamaza ili avute pumzi. Leso ikapanda. Makofi.

"Mfumo haufanyi kazi. Waya umekatwa."

Makofi.

"Ulikatwa siku ile ya uzinduzi, kwa mkasi, pamoja na utepe. Uko ghorofa ya sita ndani ya kioo. Mtu yeyote anaweza kwenda kuutazama."

Makofi, na mzee mmoja wa mstari wa mbele akapanguza machozi.

"Fundi yupo. Anasema apewe nusu saa tu."

Hapo Mheshimiwa mwenyewe alisimama, akaja kwenye kipaza sauti, akamwekea Mwajabu mkono begani.

"Mmesikia sauti ya mama," alisema, na sauti yake ilitetemeka. "Nusu saa. Sisi tumesema dakika mbili, lakini yeye, kwa unyenyekevu wa mama zetu, anatuombea nusu saa. Hawa ndio wananchi wetu."

Uwanja ulilipuka. Bendi ikaanza. Mstari mzima wa mbele ulisimama, na walinzi wakasimama, na Mwongoza Makofi akasahau kuishusha leso.

Watu wa nyuma peke yao hawakupiga makofi. Walikuwa wametulia kimya, mia mbili, wakimtazama yeye. Mama ntilie alikuwa ameushusha mfuniko.

*

Bwana Shabaha alimkuta nyuma ya turubai la chakula. Sauti ya wodini ilikuwa imemwisha.

"Umenimaliza," alisema.

"Mbona hakuna aliyesikia?"

"Mimi nilisikia." Aliichana bahasha vipande viwili, cheti kikiwa ndani. "Hupati. Na wewe hungoji Ijumaa. Nakufungia sasa hivi, papa hapa, mbele ya mwanao. Wenzako kesho, saa sita kamili. Mtauza moshi."

Mwajabu alimvuta Tunu akambeba mbele, kifuani, kama mtu anayeficha kitu mvua isikiloweshe.

"Funga basi," alisema. "Lakini nijue unafungaje."

"Kwa sheria. Kifungu cha arobaini." Alikijua kwa moyo, maana alikiandika yeye, na alikisoma kwa fahari huku akibonyeza simu yake ya kazi. "Amri ya kufunga duka la muuzaji wa mbali itatumwa kwa njia ya mfumo, na si kwa njia nyingine yoyote, ili kuondoa upendeleo, ucheleweshaji na..."

Kidole kikabaki hewani.

Bendi ilikuwa ikipiga wimbo wa taifa kwa mara ya pili. Mwajabu alimngoja amalize kifungu. Hakukimaliza.

"Unaweza kuipeleka kwa miguu," alimwambia kwa upole, kwa sababu alilelewa vizuri. "Kampuni ya simu si mbali."

"Siwezi kuipeleka kwa miguu."

"Kwa nini?"

"Nikiipeleka kwa miguu nitakuwa nimesema kwamba..." Akatazama pande zote.

"Kwamba nini, Bwana Shabaha?"

Alikuwa na watoto, na nyumba, na kalamu nne.

"Basi itume," alisema Mwajabu.

Naye, kwa kuwa hakuwa na la kufanya, aliituma. Walisimama wote wawili wakiitazama simu, kwa muda mrefu kidogo, kama watu waliopoteza kitu kisimani.

"Iko njiani," alisema Bwana Shabaha.

"Ikifika nitafunga," alisema Mwajabu, akaenda nyumbani, maana Tunu alikuwa na usingizi.

Ijumaa saa sita kamili amri mia mbili na kumi na nne zilitumwa kwa njia ya mfumo. Redio ilitangaza kwamba maduka yote ya wakaidi yamefungwa kwa mafanikio makubwa, na kwamba zoezi zima lilichukua dakika mbili. Mheshimiwa Malindima alipandishwa cheo, akapewa pia Wizara ya Madaraja.

Saa saba kasoro robo simu ya Mwajabu ililia. Alikuwa mteja wa Mkoa wa Ziwani, mjamzito wa miezi minane, sauti yake ya wasiwasi.

"Dada, nimesikia redioni. Wamesema umefungiwa."

"Ndiyo, mpenzi, nimefungiwa," alisema Mwajabu, akaibana simu begani na kuvuta kitambaa. "Unataka ya maua au ya mistari?"